Skana ya Nkubu

Mama mwenye saiba, duka la kompyuta na uchapishaji, pale Nkubu aliniambia kwamba skana yake hufanya kazi vizuri mpaka nifike mimi, fundi wake. Sikumwamini. Nilimjua: mvua ikianza, huchomoa kila waya kwa kuogopa radi, kisha huzirudisha popote. Nikamshuku yeye. Nikaishuku draiva, programu inayoiendesha skana, nikaiweka upya mara tatu. Nikaushuku waya, nikaubadilisha. Bado picha ya marehemu, ya kuchapishwa kwenye programu ya mazishi, ilifika kwenye kompyuta nusu: kichwa, mabega, kisha weusi mtupu.

"Ukienda itafanya, fundi," alisema.

"Mama, skana haijui nani ameingia," nikamjibu kwa hasira.

Aliinama nyuma ya meza, mahali skana na vifaa vingine vilichomekwa kwenye kigawanyio kimoja cha USB, akachomoa waya mmoja. Akaipitisha picha tena kwenye skana, ikafika nzima, mpaka viatu.

Kisha akanikabidhi kitu kilichokuwa kikiinyang'anya skana umeme. Ilikuwa simu yangu. Kila nikija niliichomeka hapo ipate chaji, kabla hata ya kumsalimia.