Nyongeza ya Sindano

Nimeuza kanga sokoni Chake Chake miaka kumi na tisa. Nimehesabu mara mbili, na mara ya pili nikatoa miezi niliyouguza magoti.

Magoti hayo ndiyo yaliyonifikisha kwa daktari. Nilikuwa nimeshajiandikisha kwenda Umra mwezi wa Rajabu, na nilitaka kuifanya kwa miguu yangu: mizunguko saba kwenye Al-Kaaba, kisha safari saba baina ya Safa na Marwa. Jumla kumi na nne. Na mie kutoka kwangu Madungu mpaka sokoni hupumzika mara tatu, ya nne hupumzika nikishafika. Watu wakaniambia kuna viti vya kusukumwa. Nikawajibu kwamba sikuweka nia ya kwenda kukaa.

Shoga yangu wa nyumba ya pili, ambaye kwa mzani wowote alikuwa akinishinda, alikuwa ameanza kuvaa magauni yake ya ujana. Nikambana mpaka akasema. Ndugu yake wa Maskati humletea sindano ya kupunguza mwili, iko kama kalamu. Akanionesha imelala ndani ya friji, kati ya mtindi na vipande vya samaki changu.

"Daktari kasemaje?" nikamuuliza.

"Daktari gani tena? Ndugu yangu kasema kila Ijumaa."

Mie si mjinga. Kitu cha kuingia mwilini hakinunuliwi kwenye friji ya jirani. Nikaenda kliniki, kwa daktari wa kike, rika la mwanangu wa mwisho, mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Akanipandisha kwenye mzani.

"Kilo mia na nne, Bi."

"Pima tena, nilisimama vibaya."

Akapima. Mia na nne na nusu.

"Basi ile ya mwanzo ilikuwa sawa," nikasema.

Akauliza maswali mengi kuliko posa. Kwetu kuna aliyepata saratani ya tezi ya shingo? Niliwahi kuugua kongosho? Mawe ya nyongo? Figo? Yote nikajibu kweli. Kisha akauliza, "Unatumia dawa nyengine yoyote?"

Hapo ndipo biashara iliponiponza. Sokoni kwetu anayefungua pochi yote mbele ya muuzaji hupandishiwa bei. Nilikuwa nikimeza vidonge vya sukari mwaka wa sita, asubuhi na jioni, navichukua hospitali ya Wete ambako ndiko nilikoanzia. Nikajiambia nikivitaja atanizungusha mpaka Rajabu ipite.

"Sina," nikasema.

Akanitoboa kidole. Sukari ikaonekana nzuri, maana vidonge vilifanya kazi yao, na mie nikachukua sifa.

"Tutaanza na kipimo cha chini kabisa, sindano moja kwa wiki, wiki nne," akasema. "Mwili ukizoea ndiyo tupandishe."

"Mwanangu, nyongeza hamna?"

"Nyongeza ya nini?"

"Nikinunua fungu la dagaa, muuzaji huniongeza konzi moja juu. Ndiyo heshima ya mteja."

"Hapa hiyo konzi ya juu ndiyo inayowarudisha watu kwangu wakitapika, Bi."

Wiki mbili zikapita. Nikapungua kilo moja, na nusu yake nashuku ilikuwa viatu. Rajabu haikuwa mbali. Jioni nikapiga hodi kwa shoga.

"Niongeze kidogo kwenye yako."

"Weye si ulisema hununui kwenye friji?"

"Sinunui. Naomba."

Akacheka, akanidunga. Hakuna aliyeuliza kalamu yake ina nguvu kiasi gani, wala imelala siku ngapi umeme ukiwa umekatika. Kwetu jirani akiomba chumvi hupewa, huulizi anapika nini.

Siku mbili baadaye nilikuwa dukani, chakula sikitaki hata kwa harufu, usiku nimetapika. Vidonge vyangu lakini nilivimeza kwa wakati, maana mie ni mtu wa utaratibu. Akaja mama mmoja kutoka Mkoani, anataka doti ishirini za sare ya harusi. Nikamhesabia: kumi na nane. Nikarudia: ishirini na tatu. Jasho likanitiririka kama nimeiba.

"Bi, hebu kaa kitako," akasema yule mama.

"Ngoja kwanza, nahesabu."

Nilikaa juu ya kanga zenyewe, na kilichofuata nakijua kwa kusimuliwa tu. Nilizinduka na soda mdomoni. Yule mama akanitia kwenye bajaji mpaka kliniki.

Daktari akanitoboa kidole. "Mbili nukta tano."

"Ndogo hiyo?"

"Ingekuwa bei ungefurahi." Akavuta kiti. "Bi, nitakuuliza swali lile lile mara ya pili."

Nikafungua mkoba. Nikatoa vidonge vya Wete, nikaisema na sindano ya shoga, na uchi wangu wote wa kibiashara ukawa mezani. Hakufoka. Angefoka ningejua la kujibu.

"Vidonge hivi vinashusha sukari hata kama hujala," akasema. "Ukavijumlisha na sindano inayokunyima hamu ya kula, tena kupita kipimo, mtu hulala akapitiliza. Leo ungekuwa peke yako dukani, Umra ungefanyiwa na wanao."

Akasimamisha sindano mpaka tumbo litulie. Akampigia simu mwenzake wa Wete, wakakubaliana kidonge cha jioni nikiache na cha asubuhi nikimeze nikishakula. Kisha tutaanza upya, chini kule kule.

"Na Rajabu?"

"Kwa Rajabu uzito hautafika unakotaka. Nikikimbiza kipimo, utatufu Al-Kaaba ukitapika."

"Basi tukutane katikati."

"Katikati hamna, Bi."

Miaka kumi na tisa sokoni, sijawahi kukutana na muuzaji wa aina hiyo. Nikakubali. Shoga naye nikamburura kwa daktari, akaninunia siku mbili.

Rajabu ilinikuta nimepungua kilo saba. Nilitufu kwa miguu yangu, mizunguko saba. Kwenye wa tano nikaingiwa na shaka kama ni wa nne, nikaongeza mmoja kwa usalama. Safa na Marwa nikaenda safari nne. Ya tano goti likakataa katakata. Nikaketi kwenye kiti, nikasukumwa tatu zilizobaki, nalia na nacheka, watu wa kila taifa wananipisha.

Usiku huo nikamtumia daktari ujumbe wa sauti: "Mwanangu, kumi na moja kwa miguu, tatu kwa magurudumu. Nimekwambia mwenyewe, kabla hujauliza."

Akajibu: "Umra makbuli, Bi. Na kidonge?"

"Asubuhi, nilikula kwanza. Mkate na mayai."

"Mayai mangapi?"

Nikamwambia mawili. Yalikuwa matatu. Nikakaa kitandani nikilifikiria hilo la tatu, kisha nikaichukua simu nikamrudishia: "Matatu."