Picha ya Mawingu kutoka kwa Mume Wangu

Leo programu yangu imeniliza, na haina kosa hata moja.

Naandika programu ya kufuta mahali picha ilipopigwa. Inagusa yale maelezo yaliyofichwa ndani ya faili tu, picha yenyewe haiguswi. Picha mia zinaisha kufumba na kufumbua.

Nikaijaribu kwa picha aliyonitumia mume wangu jana kama dokumenti, kwa hiyo maelezo yake yalikuwa bado yamo. Yeye ni mwanajeshi, miezi saba sasa hajafika nyumbani. Picha ni mawingu tu na ukingo wa lori.

Kabla ya kufuta, programu huonyesha inachofuta.

Ikaandika: Bwera. Jana, saa kumi jioni.

Bwera ni hapa! Ndipo ninapoishi!

Nikampigia. "Afande, jana ulikuwa wapi?"

"Tulipita hapo kwetu. Lori halikusimama. Ni amri."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungelia."

(Nilikuwa nalia tayari.)

"Ulikuwa unaanika nguo," akasema. "Umenyoa nywele. Imekupendeza."

Jamani, malori niliyasikia. Sikugeuka hata.

Wake wa wanajeshi mlio humu, nyinyi hugeuka lori likipita?