Miguu ya Mogesi

Haya, mmenisumbua vya kutosha. Kila nikitoka kanisani Winfrida wa kikundi chenu ananivuta kanga: tuandikie habari ya Mogesi, wewe jirani yake ndiye unayeijua. Mimi shule niliiacha kabla sijaizoea, nanyi wenye vyeti mmejaa hapo, na bado ninayeandikishwa ni mimi. Basi ninaandika. Lakini habari hii inanuka, na sitaipaka mafuta.

Mogesi wa Gorong'a alikuwa mwanamke wa shoka. Alilima kwa jembe la mkono shamba ambalo wengine wangeliingilia kwa plau na ng'ombe. Kisha mwanawe wa mwisho, Zablon, akaoa, akaingia Elieth. Kwetu mkamwana akishaingia, mama mkwe anaketi. Ndiyo heshima yake. Akionekana ameshika ndoo, watu hawamsemi yeye, wanamsema mkamwana: huyu aliyetolewa ng'ombe kazi yake nini?

Elieth hakutaka kusemwa. Maji ya kunawa alimletea mkwewe pale pale kigodani. Kuni yeye, moto yeye, kufagia yeye. Asubuhi uji, mchana uji, jioni ugali laini wa kuchovya kwenye mchuzi. Nyama walikula Zablon na watoto, maana bibi meno yamekwisha. Mogesi akaketi. Miaka ikapita ameketi. Mashavu yakajaa, tumbo likajaa, wapita njia wakasema, "Elieth anajua kutunza. Tazama mama alivyonawiri."

Hakuna aliyetazama chini ya gauni. Mapaja yaliyobeba magunia yalikuwa yamebaki ngozi tu, inaning'inia. Mogesi aliyaona akioga, akayafunika upesi, kama mtu aliyefunua chungu akakuta mboga imeoza.

Asubuhi moja ya masika alikwenda chooni, akachuchumaa, akamaliza, akataka kusimama. Miguu ikakataa. Haikuuma, na hilo ndilo lililomtisha. Ilikataa tu, kama ng'ombe mkaidi aliyelala katikati ya njia. Akashika ukuta, udongo ukamegeka ukabaki mkononi. Nzi wakamtua usoni. Akaenda upande, akakalia pale ambapo mtu hakalii, na gauni likaloa kwa kitu ambacho hakikuwa maji.

Kwanza alinyamaza, kwa kiburi. Alipochoka kunyamaza akaita. Elieth akaja mbio, akamshika kwapani, akavuta. Lakini Elieth ni mwembamba kama fito, na Mogesi alikuwa mzito wa uji.

"Mama, ngoja nimwite Zablon."

"Ukimwita nitajitupa humu shimoni."

"Tundu ni dogo, mama. Hutapita."

Sasa mjue, kwetu mwana akishatahiriwa haingii hata anapolala mama yake. Zablon alipoitwa alisimama nje ya choo anahema kama aliyefukuzwa. Elieth akamfunika mkwewe kwa kanga yake mwenyewe, ndipo Zablon akaingia amefumba macho. Akapapasa. Mkono wake ukatangulia kushika paja. Mogesi akausikia ule mkono mkubwa wa mwanawe juu ya ngozi yake tupu iliyolegea, akaona kinyaa kuliko kwa harufu yote ya mle ndani. Akanyanyuliwa, akatolewa, akalazwa juani kama mzoga wa mbuzi.

Hakulia. Tangu siku ile mama na mwana wakawa hawatazamani. Zablon alikula amegeukia ukuta. Na Mogesi aliapa moyoni: ule mkono ukinishika tena vile, nimekufa, hata kama bado napumua.

Wakampeleka hospitali, Tarime mjini. Daktari alikuwa kijana wa kutoka pwani, jina lake Faridu. Alimkalisha kwenye kiti, akamwambia afumbate mikono kifuani, ainuke. Mogesi akajikunja, akatikisika, akabaki palepale.

"Nichome sindano niende zangu," akasema.

"Hakuna sindano, bibi. Nyama za miguu zimekwisha. Kila mtu akizeeka zinapungua, ila wewe umezifungulia mlango. Unakaa kutwa, na unakunywa uji tu."

"Kwa hiyo nimetoka Gorong'a kuja kuambiwa nimezeeka."

"Umekuja kuambiwa kwamba ukianguka vibaya utavunja nyonga. Wazee wengi wakivunjika nyonga wanabaki kitandani. Wanaota vidonda, kifua kinajaa, na wengine hawainuki tena."

Mogesi alimjua mmoja wa hivyo, Wegesa wa Nyanungu, aliyeanza kunuka mgongoni kabla hajafa.

"Afanyeje?" Zablon akauliza, macho dirishani.

"Ainuke kwenye kiti, akae, ainuke tena, kila siku mpaka miguu iwake moto. Mtu awe karibu mwanzoni asije akaanguka. Abebe vitu, kidogo kidogo. Ale maharage, dagaa, maziwa, nyama ya kusaga. Na mayai, hayo hayataki meno."

"Mayai sili."

"Kwa nini, bibi?"

"Sisi tuliolelewa zamani, mwanamke hali kuku wala yai. Kitu kimetoka matakoni mwa kuku, mimi nikitie mdomoni?"

"Na kichuri chenu, bibi? Mchuzi wa maji ya utumbo wa ng'ombe, wenyewe umetoka wapi?"

"Kichuri ni chakula," akasema Mogesi. Daktari akacheka peke yake.

Walipofika nyumbani Mogesi akadai ndoo. Elieth akaificha nyuma ya ghala.

"Mama, utaniharibia jina. Wanawake wa kisimani watasema nini?"

"Watasema wewe mvivu. Usemwe wewe, au mimi nishikwe mapaja na mume wako. Chagua."

Mogesi akachukua kidumu kitupu cha mafuta ya kula, akakitia maji nusu kiwe mzigo wa mazoezi, akaenda nacho njia nzima ya kisimani amekining'iniza mkononi, Elieth nyuma yake uso umefunikwa kanga. Kisimani wakachekwa wote wawili. "Elieth siku hizi amekuwa bosi," akasema mmoja, "ana mtumishi mzee." Elieth akalia machozi, lakini hakumwacha mkwewe arudi peke yake. Hilo nalitaja kwa kuwa ni haki yake.

Kidumu kilikuwa rahisi. Shida ilikuwa yai. Elieth alilichemsha, akalimenya, akaliweka kwenye sahani. Jeupe, linang'aa, linateleza kama jicho lililong'olewa. Mogesi akauma, akasikia ile harufu ya banda la kuku inapanda puani kwa ndani, akalitapika lote miguuni pa Elieth.

"Basi mama, tuache."

"Lete jingine."

La pili akaliangalia muda mrefu. Akawa anapima, hiki kinyaa na kile. Huku yai, kule mkono unaopapasa gizani mwa macho yaliyofumbwa. Mkono ukawa mzito zaidi. Akaziba pua, akameza, akalitukana. Mpaka leo hivyo ndivyo anavyolila, kila asubuhi, na tusi lake. Nani aliwaambia atalizoea? Hajalizoea.

Akainuka na kukaa, kukaa na kuinuka, mapaja yanawaka, anatukana kigoda, anamtukana Faridu na pwani yake yote.

Ulezi ulikuwa umeshavunwa siku Elieth alipokwenda mnadani. Nyumbani alibaki Zablon tu, anagonga mpini wa jembe uani. Mogesi akaenda chooni. Akachuchumaa. Alipotaka kuinuka miguu ikatetemeka, ikasimama njiani, si juu si chini. Kule nje nyundo ikanyamaza.

"Mama?"

"Kaa hukohuko."

Jasho likamwingia machoni. Ukuta aliuona, hakuushika. Akasukuma ardhi kama anavyosukumwa ng'ombe, na ile miguu miovu ikanyooka.

Akatoka, gauni kavu. Zablon alikuwa amesimama na nyundo mkononi, macho yao yakakutana kwa mara ya kwanza tangu masika.

"Umekawia," akasema.

"Ulikuwa unapanga foleni?"

Zablon akataka kumchotea maji ya kunawa. Mogesi akampita, akachota mwenyewe.

Nimemaliza, mkono unaniuma. Sasa wewe unayesoma, usiniletee pole wala asante. Nenda kwa mama yako leo. Mkalishe kwenye kiti, afumbate mikono, umwambie ainuke, wewe simama karibu. Akishindwa, punguza uji wako wa heshima, mpe maharage na kidumu nusu, na umsindikize ukichekwa. Kisha uje hapa kwangu uniambie ameinuka. Usipokuja nitajua umemwacha kigodani.