Kipoza Oili cha Mashine ya Violeth

Mume wangu Amedeus hajui kudanganya, na hilo ndilo balaa lake. Wanaume wengine wakitoka kwa mwanamke hufuta midomo. Yeye alirudi nyumbani kwetu Lizaboni mbio mbio, ulimi umebabuka, akanitangazia mwenyewe.

"Mama Sixbert, nimepata! Uji wa Violeth umenifundisha!"

Uji wa nani? Nilikuwa nachambua majani ya maboga. Nikayaweka chini.

Amedeus alikuwa fundi wa karakana ya umma hapa Songea, mpaka ilipofungwa ile miaka ya ruksa ya biashara huria, kila mwenye uwezo alipoanza kununua mashine yake. Wenzake walirudi kulima kule Mshangano. Yeye hakuweza kukaa mbali na injini. Hata kanisani, lori likipita nje, shingo inageuka.

Ndipo akaja huyo Violeth kutoka Njombe, mjane, mwenye maneno laini, akafungua mashine ya kusaga kule Bombambili. Injini ilikuwa kuukuu. Jua likipanda oili inachemka, mashine inazimwa, akina mama wanakaa na ndoo zao za mahindi wakisubiri ipoe. Akamwita Amedeus amtengenezee kitu cha kuipoza. Tangu hapo mume sina! Mchana yuko Bombambili, jioni anachora kwa mkaa ukutani mwa jiko langu, na hilo jina "Violeth" halimtoki mdomoni. Wivu ulinikaba, siwafichi. Mahindi yangu nikawa nasagisha mbali, makusudi, nione kama atauliza. Hakuuliza.

Kipoza chake cha kwanza kilikuwa bomba refu lililozungushwa ndani ya pipa la maji, oili ipite ndani ya bomba, maji yaipoze. Kilishindwa. Bomba ukiligusa ni la baridi, lakini oili inatoka ya moto vilevile. Nilifurahi kweli kweli. Nikasema sasa atakaa nyumbani.

Kumbe siku ile aliyorudi mbio, Violeth kamwekea uji wa ulezi. Juu umeshika utando, kikombe pembeni kimepoa, Amedeus akadhani wote umepoa, akaugugumia. Katikati ulikuwa moto mtupu.

"Ndiyo oili yenyewe!" akaniambia, macho yanawaka. "Ile inayogusa bomba inapoa, inazidi kuwa nzito, inang'ang'ania palepale. Ya katikati inapita na moto wake. Sasa nitageuza. Maji yapite ndani ya mabomba membamba, oili ipite nje yake."

"Umeanza lini kunywa uji kwa watu?"

"Ah, nilikuwa na njaa."

"Na wa hapa una kasoro gani?"

"Wa hapa hauniunguzi, Mama Sixbert. Wala hauna utando. Ningejifunzia wapi?"

Hauna utando kwa sababu naukoroga, mwanaume wewe! Tangu anioe nausimamia uji wake, naukoroga mpaka unyweke, ndipo namwekea. Nilimwambia hivyo kwa sauti iliyofika kwa majirani. Akaokota mkaa, akaongeza vibao vya bati kati ya mabomba aliyochora ukutani.

Siku ya kujaribu kipoza kipya nilijitwika ndoo yangu, nikaenda Bombambili kujionea. Mashine ilisaga asubuhi, jua likapanda, ikaendelea kusaga. Oili haikuchemka. Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee Otto, aliyekuja na mahindi yake, akamuuliza fundi akili ile kaitoa wapi.

"Vile vibao ni mkono wa mke wangu," Amedeus akajibu mbele za watu. "Uji wangu huukoroga kwanza ndipo anipe. Nami nimeikoroga oili."

Jamani! Wote wakanigeukia. Moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu mashine ile ifunguliwe. Nikakaa wima juu ya ndoo yangu, Violeth naye asikie.

Alisikia. Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha uji na kijiko. Akasimama pembeni ya mume wangu, akaukoroga. Taratibu, bila haraka, mpaka mvuke ukaisha. Kisha akampa kwa mikono miwili.

"Karibu, fundi."

Na lile jinga langu likanyoosha mkono!

Niliwahi mimi. Nilikipokonya kikombe, nikaunywa wote nimesimama, watu wakinitazama, mpaka chini kabisa. Haukuunguza hata kidogo. Na ulikuwa mtamu kuliko wangu, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.