Mbwa wa Shigela na Kanzu ya Mzee Abeid

Josephat Shigela anachomelea mageti na madirisha ya chuma pale Igoma, na watu wanamheshimu. Geti lake halipindi. Kanisani ni mzee wa kanisa, na wachumba wanaokaribia kufunga ndoa hupelekwa kwake awafundishe malezi. Huwaambia kwamba neno la mzazi liwe moja, leo na kesho, mgeni akiwepo na asipokuwepo. Ni fundisho zuri. Nalieleza hapa kwa sababu yeye mwenyewe alilivunja mbele ya mtaa, na kilichomuumbua ni kitoto cha mbwa.

Alikitoa kwa mjomba wake kule Bujora, cha rangi ya kahawia, masikio makubwa kuliko kichwa, akakiita Bosi. Bosi alitafuna kandambili, magunia, hata waya wa mashine. Lakini alichokipenda zaidi ni kitu kinachopepea. Nguo ikipita karibu, alirukia pindo na kuvuta.

Hapo hakuna dhambi. Mtoto wa mbwa hana mikono. Dunia anaijua kwa meno. Dhambi iliingia wakubwa walipoona ni burudani.

Jirani wa Shigela ni Mzee Abeid, fundi cherehani wa kanzu, na mkewe Mwanaheri, ambaye mtaa unamwita Mama Safia. Nyumba hizi mbili zilijengwa wakati eneo lile bado ni mashamba ya mihogo. Idi ikifika, sinia la pilau lilivuka uzio. Krismasi, Shigela alipeleka mbuzi akiwa hai ili Mzee Abeid amchinje mwenyewe, na wote waile nyama bila wasiwasi.

Sasa kila Mama Safia alipokwenda gengeni, Bosi alimrukia kanga. Mafundi wa karakana walicheka, na Shigela akacheka nao.

"Bosi anadai ushuru, Mama Safia. Lipa upite."

"Shemeji, mwite mbwa wako. Mate yake yakinigusa nina kazi ya kuosha mara saba, na udongo juu yake."

"Si mtoto huyu? Anacheza."

"Basi acheze na kanga ya mkeo."

Wakacheka tena, na Shigela akamtupia Bosi kipande cha chapati. Sidhani alitambua kwamba anamlipa mshahara. Mbwa alitambua.

Ikawa desturi, lakini desturi isiyo na msimamo. Shigela akiwa na furaha, pindo la kanga lilimpatia Bosi chapati. Akiwa amekerwa na mteja, pindo lilelile lilimpatia teke. Mnyama hana njia ya kusoma uso wa mtu aliyegombana na mteja.

Ijumaa moja mchana Mzee Abeid alitoka kwenda msikitini na kanzu nyeupe, mpya, aliyojishonea mwenyewe. Bosi alichomoka chini ya meza ya kazi, akadaka pindo, akavuta huku mkia ukitikisika na macho yakimtazama bwana wake, akingoja kicheko. Kanzu ikachanika mpaka gotini. Watu wa kijiwe cha bodaboda wakageuka.

Shigela aliona aibu, akaifunika kwa hasira. Alichukua kipande cha mpira wa gesi akampiga yule mbwa hadi akakojoa. Kisha akasema kwa sauti ile ya kanisani, "Shikamoo, Mzee. Unisamehe. Kwangu hakuna mchezo, akikosea anaadhibiwa."

"Marahaba." Mzee Abeid alikuwa ameshika kanzu yake mahali ilipochanika. "Juzi alimfanyia mke wangu hivihivi, ukampa chapati. Nilikuwa dirishani. Leo unampiga kwa sababu gani, Josephat? Kwa kuwa nguo ni yangu, au kwa kuwa watu wanatazama?"

Mzee alirudi nyumbani kujitwaharisha, na swala ya jamaa ikampita.

Toka siku hiyo Mzee Abeid alipita njia ya nyuma, kando ya mtaro, akiwa ameinua kanzu isiguse maji machafu. Shigela alimwona kila mara kupitia tundu la uzio. Idi ikaja, ikapita. Sinia halikuvuka.

"Nitamrudisha huyu mbwa Bujora," Shigela alimwambia mkewe, Odeta, wakati wa kula.

"Kwa kosa gani? La kukusikiliza?"

"Odeta."

"Wewe ndiye uliyemfundisha kudai ushuru. Angejuaje kwamba kanzu imesamehewa?"

Shigela aliacha ugali wake. Asubuhi aliwakusanya watu wa nyumbani na mafundi wake, akaweka sheria, na safari hii yeye akiwa wa kwanza kubanwa nayo. Bosi akirukia nguo, hakuna kucheka, hakuna kupiga. Anaitwa palepale na kupewa kipande cha kamba atafune. Akikaa chini mtu akipita, hapo ndipo anapata chapati. Fundi mmoja alicheka siku iliyofuata, Shigela akamnyamazisha. Baadaye yeye mwenyewe aliinua mguu ampige Bosi teke, akamwona Odeta mlangoni, akaushusha.

Halafu akaenda kwa jirani. Hakuanza na mzee. Alianza na Mama Safia, kwa sababu kanga ilitangulia kanzu.

"Nilikucheka, Mama Safia. Nilikosa."

"Kwa hiyo ushuru umefutwa?"

"Umefutwa."

"Tutaona siku ya kanzu nyeupe," alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Siku hiyo ilifika. Mzee Abeid alipita njia ya mbele, polepole, kanzu ikipepea. Bosi alisimama, akatetemeka mwili mzima, akamtazama Shigela. Kisha akakaa.

"Amekaa," alisema Mzee Abeid.

Kwa furaha Shigela aliinua mkono ampungie. Bosi aliuona mkono ukipanda, akajilaza chali na kukojoa mavumbini.

Mzee aliutazama ule mkono. "Hajasahau."

"Hajasahau, Mzee," Shigela alisema, akaushusha. "Shikamoo."

"Marahaba, Josephat."

Mzee Abeid akaenda zake msikitini kwa njia ya mbele, na bado anapita hapo. Ila Shigela siku hizi husalimia watu mikono ikiwa chini.