Tume Ilipopita Chumbani Kwangu

Mie sikusoma. Nilifika darasa la nne, nikaozwa, basi. Lakini ile tume ya serikali inayosimamia vyuo vikuu naijua vizuri, kwa sababu imenipitia chumbani. Sisemi mfano. Imepita hasa, na viatu miguuni, mie nimekaa kitandani nachambua mchele.

Nyumba yangu iko Mji Mkongwe, kwenye uchochoro ambao watu wawili wanene hawapishani bila kuombana radhi. Mbele yake kuna nyumba nyingine kubwa kuliko yangu, na huko juu ghorofani zimeunganishwa na wikio, kile chumba chembamba kinachopita juu ya njia kama daraja. Zote mbili zilikuwa za babu yangu. Moja tukabaki nayo, ya pili ikaenda ilikokwenda, hayo tuyaache. Miaka mingi baadaye ndiyo hiyo ya pili akaipanga bwana mmoja, akaja kufungua chuo kikuu.

Chuo kikuu! Nyumba ambayo mie naikumbuka kwa mbuzi waliofungwa uani siku za Idi.

Mkuu wa chuo alikuwa mtu wa kanzu nyeupe pe, koti juu yake, na maneno laini kama yaliyopikwa kwa samli. Akaja kunisalimu.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, baba."

"Tuna wageni. Tume inakuja kutukagua kabla hatujapewa kibali. Tulikuwa tunaomba viti vichache tu."

Sasa, kwetu mtu akisema ana wageni na hana viti, huulizi wageni gani. Mtaa huu tunaazimana masinia, mazulia, mabirika, hata mkufu wa bibi harusi nishaona ukitoka nyumba hii kwenda ile na kurudi asubuhi. Kwa hiyo tukaitendea tume kama tunavyotenda harusi. Viti vikatoka kwangu, kwa jirani wa nyuma, na msikitini. Muuza vitu vya kale akatoa makabati mawili ya mbao za mkangazi. Mkuu akasema kabati bila vitabu halifai, maktaba ni vitabu. Basi vikaletwa vitabu! Vya sheria vya wakili aliyekwisha kufa, vya mapishi, vya ufundi wa meli. Kijana wa jirani yangu alikuwa anafanya kazi hoteli moja kule Kendwa, akaja na gunia zima la vitabu vilivyoachwa na watalii, majalada yake yana wanawake wasiovaa kitu. Tukavigeuza migongo ndani. Na maabara je? Muuza marashi wa njia ya sokoni akaleta chupa zake zote, za mawaridi, za asumini, za udi, tukazipanga kwenye meza kwa kimo, ndogo mbele, kubwa nyuma. Zilipendeza, wallahi.

Siku ya tume akaja mzee mmoja na mkoba. Mmoja tu! Boti ilikuwa imemchafua roho, kakaa kwenye kiti changu rangi imemtoka. Nikamtengenezea chai ya tangawizi na ndimu. Alipopata nguvu akapita kwenye makabati akigusa vitabu kwa kidole, akisema maashallah. Maabara akafungua chupa moja, akanusa, akanusa tena, akajipaka kidogo nyuma ya sikio. Akala haluwa, akanywa kahawa, akaondoka. Kibali kikaja.

Sikumlaumu. Tume yenyewe siku zile ilikuwa bado changa. Vyuo vilikuwa vichache, na wao walikuwa wachache, na mtoto mchanga ukimwambia hii ndizi ni ndege, anafungua mdomo tu. Jioni ile kila mtu akaja kuchukua kitu chake, na muuza marashi akalalamika kwamba chupa moja imepungua.

Halafu vyuo vikazagaa. Kila aliyekuwa na ghorofa mbili akaona ana chuo. Ikabidi tume nayo ikue. Nilikuwa nasikia redioni, mara imepewa sheria mpya, mara imekataza kozi fulani, mara imefungia chuo huko bara. Nikawa nasema peke yangu, huyu mtoto kaota meno.

Mara ya pili wakaja wawili, na utepe wa kupimia. Hawakutaka chai. Walipima vyumba, wakahesabu madirisha, wakauliza wanafunzi wa kike wako wangapi na vyoo vyao viko wapi. Chuo kilikuwa na choo kimoja, na hicho mlango wake ulifungwa kwa kamba. Mkuu akavuka wikio mbio, hata hodi hakupiga.

"Bi Mkubwa, niazime choo!"

"Choo hakiazimwi, baba. Hakibebeki."

"Kibaki hapo hapo. Wao ndio watakuja."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Na hapo hapo nikakubali, kwa sababu mie mchezo kama huo siuachi unipite. Akabandika kibao mlangoni kwangu kimeandikwa *Wanawake*. Kwenda chooni kwangu lazima upite chumbani, hakuna njia nyingine. Wakaingia wale mabwana na utepe wao, wakanikuta na ungo wangu.

"Na huyu mama?" mmoja akauliza.

"Mlezi wa wanafunzi wa kike," akajibu mkuu, wala hakupepesa macho.

Nikapata kazi nimekaa kitandani! Basi na mie nikaifanya. Nikawakunjia uso: "Ninyi, viatu! Hapa wasichana wanapita na miguu safi." Wakarudi mlangoni kama watoto, wakavua. Wakapima choo changu urefu na upana, mmoja akakisifu kwamba ni kisafi kuliko vyote walivyoviona Unguja. Sikushangaa, mie hukisugua mwenyewe.

Tatizo ni kwamba walipoondoka kibao kilibaki, na wasichana wakaamini. Wakaanza kuja kweli. Asubuhi namaliza kusali, hodi. Nakula, hodi. Mwisho nikawazoea. Walikuwa wakikaa kitandani kwangu wakinihadithia nani kachumbiwa na nani kaachwa, na mie nikiwakanya wapunguze wanja. Ulezi ukawa wa kweli, mshahara ndio haukuwapo.

Mjukuu wangu alimaliza kidato cha sita akiwa na alama nzuri. Huyo nimemlea mie tangu mama yake alipofariki, na nyumbani kwetu hapana hata mmoja aliyewahi kuvaa joho. Alitaka kwenda bara kusomea ualimu wa sayansi. Wakati huo majina yote yanapitia kwenye mashine ya tume, unachagua vyuo, unangoja ujumbe kwenye simu. Nikamwambia, bara ufuate nini, chuo hiki hapa, unakwenda na ndara. Akanisikiliza. Na kweli akawa anakwenda na ndara, anavuka wikio na kikombe cha chai mkononi. Niliringa mie! Nilikuwa nasema kwa sauti kubwa pale dirishani, "Mjukuu wangu wa chuo kikuu, usisahau mtandio," ili uchochoro mzima usikie.

Lakini nikaanza kumuuliza, leo umesoma nini?

"Mwalimu hakuja, Bibi."

Kesho, mwalimu yuko chuo kingine. Kesho kutwa, tumeonyeshwa picha ya maabara. Picha! Na maabara yenyewe imo humo ndani, imefungwa kufuli, kwa sababu chupa zilikwisha kurudi kwa muuza marashi.

Na mtaani akatokea binti mmoja aliyesoma bara kwenye chuo cha namna hiyo hiyo. Akapeleka shahada yake kuomba kazi, wakaitazama, wakamrudishia. Kozi ile tume haikuitambua. Binti alirudi kuuza mabuibui dukani kwa shangazi yake, na shahada kaitia kwenye fremu, imetundikwa juu ya cherehani. Kila nilipopita dukani pale nilikuwa nainua macho kuitazama.

Mara ya tatu tume haikutoa habari. Haikuandika, haikupiga simu. Ilishakuwa mtu mzima sasa. Nilikuwa nakaanga samaki penye mlango wa chumba, mjukuu wangu akaja kupitia wikio, ndara moja mguuni, nyingine sijui kaiacha wapi.

"Bibi, tume! Wamekuja ghafla. Yuko mama mmoja ana kishikwambi, ndani yake yamo majina ya walimu wote. Kamuuliza mkuu, huyu daktari wako mbona saa hizi anafundisha chuo kingine? Mkuu katoka jasho. Sasa wanakuja kwenye choo."

"Waje. Kwani choo kimetoroka?"

"Bibi, sikiliza! Sema ni choo cha chuo. Sema wewe ndiye mlezi, kama siku ile. Nimebakisha mwaka mmoja. Wakikifunga chuo, nimekwisha mie."

Mtoto huyu alipofiwa na mama yake hakulia mbele za watu, leo analia kwa ajili ya choo.

Sikuwahi kumjibu. Mama yule keshafika. Kajistiri vizuri, umri wa mwanangu wa mwisho, na alipofika mlangoni akavua viatu bila kuambiwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Karibu, mama."

Akatazama kibao, akatazama kitanda, akatazama kikaango changu cha samaki. Akakaa ukingoni mwa kitanda kana kwamba kaja kunijulia hali. Nyuma yake kasimama mkuu wa chuo na meno yote nje. Nyuma ya mkuu, mjukuu wangu ananikonyeza na kukusanya viganja kama anayeomba dua.

"Bibi," akasema yule mama taratibu, "hapa ni chuoni au ni nyumbani kwako?"

Ningeweza kudanganya. Nina kipaji hicho, na kwa miaka yote ile nilikuwa nikikifurahia. Lakini nilimtazama mjukuu wangu, nikaiona shahada yake imetundikwa juu ya cherehani.

"Nyumbani kwangu," nikasema. "Kitanda hicho ulichokalia nimezalia watoto wangu wote. Choo ni changu, sabuni nanunua mie, na ulezi sijaajiriwa na mtu. Na ukitaka kuiona maabara, mama, shuka ngazi, nenda njia ya sokoni, muulize muuza marashi."

"Bi Mkubwa!" akaita mkuu.

"Naam?"



Mjukuu wangu alitoka kwa kishindo. Wikio lilitikisika, vumbi la chokaa likaniangukia kwenye samaki.

Chuo kikafungwa. Tume ikawagawa wanafunzi kwenye vyuo vingine, na yeye akapelekwa kimoja kilicho nje ya mji. Huko wakampa mtihani wa kumpima, wakaona pengo, wakamrudisha nyuma mwaka mzima. Basi nyumbani kukawa baridi. Asubuhi ananirushia shikamoo kama anayemrushia paka mfupa, jioni anakula chumbani. Siku moja nikamwambia chakula ninachopika mie hakiliwi na mtu aliyenuna. Akasema, "Basi sili." Na hakula. Nikalala na njaa na mie, kwa ukaidi tu, na sikuwa na la kujitetea. Aliyemwambia asiende bara ni mie, na aliyemharibia hapa ni mie vilevile.

Aliyetuokoa ni chupa ya maabara. Alirudi siku moja kidole kimefungwa bendeji, kakaa jikoni bila kuitwa. Kaivunja. Wenzake wote walijua kuishika, yeye peke yake alikuwa hajawahi.

"Walinicheka, Bibi. Mtu wa mwaka wa pili mzima, na sijui kushika chupa."

"Sasa unajua?"

"Sasa najua."

"Haya, kula."

Akala. Hakuniomba radhi wala mie sikumwomba. Nilimwongezea kipande cha kichwa cha samaki changu, anachokipenda.

Mwaka huu wamempeleka kufanya mazoezi ya kufundisha skuli moja huko Jambiani. Alinikataza kwenda. Basi nikaenda. Nilijipitisha kwa mwalimu mkuu, nikasema mie ni mgeni kutoka mjini, jambo ambalo ni kweli, nikakaa dawati la nyuma kabisa. Pembeni yangu kulikuwa na bwana mwenye miwani, kumbe ndiye mhadhiri wake aliyekuja kumpa alama. Mjukuu wangu akaingia. Aliponiona, chaki ilimponyoka.

Lakini akafundisha. Alikuwa na sufuria, jiko dogo na maji ya bahari aliyoyachota pwani mwenyewe. Akayachemsha mpaka yakakauka, akaonyesha weupe uliobaki chini. Akawauliza watoto, kwa nini maji yameondoka na chumvi imebaki? Nusu yao mama zao wako kwenye mwani saa hiyo, chumvi inawakauka miguuni kila siku, na hakuna aliyejibu. Nikaona aibu itampata mtoto wangu mbele ya bwana wa miwani. Nikanyoosha mkono.

"Bibi, shusha mkono."

"Si najua jibu!"

Watoto wakaangua kicheko, mmoja akaanguka na kiti. Bwana wa miwani kajificha nyuma ya karatasi zake, mabega yanamcheza.

"Bibi," akasema mjukuu wangu, na sauti hiyo sikuwa nimewahi kuisikia, sauti ya mwalimu hasa, haina mchezo. "Nje."

Nikatoka. Miaka yangu yote hii hapana aliyewahi kunitoa nje mahali, na nilikwenda kichwa juu kama niliyepewa zawadi. Nikasimama chini ya dirisha. Humo ndani kikajibu kitoto kimoja cha kike, kwa sauti nyembamba, kikajibu sawasawa.

Jioni alinipigia simu.

"Nimefaulu, Bibi. Lakini amenikata alama za utulivu wa darasa. Hizo zako."

Nikamwambia anipe namba ya huyo bwana wa miwani. Amekataa mpaka leo.