Vidato vya Vidole Viwili

Siku yangu ya kwanza kazini pale Ilemela nilifika na randa yangu na majivuno yangu. Soko huria lilikuwa limeingia, nondo zilikuwa za wenye uwezo, lakini mbao zilivuka kwa pantoni kutoka upande wa Sengerema hadi Kigongo. Mhandisi wa mradi wa ujenzi ulioniajiri, mama wa Kijita, alikuwa akitafuta sakafu ya ghorofa isiyokula nondo nyingi: boriti za mbao chini, zege jembamba juu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, fundi. Chonga vidato mgongoni mwa boriti, kina cha vidole viwili. Zege litaingia humo liume mbao, vibebe mzigo kama kitu kimoja."

Mzee aliyenifundisha useremala alikuwa akisema boriti haitiwi jeraha. Nikamwitikia Mama, kisha nikachonga kidole kimoja. Niliamini kabisa kwamba naiokoa sakafu yake. Zege likamwagwa, likafunika ujuaji wangu.

Zege lilipokomaa, Mkaguzi wa Majengo alikuja kuona sakafu ya majaribio, iliyokaa juu ya nguzo za matofali.

"Mama, hili ni ghorofa au banda la kuku?"

Mama akacheka, akachukua kigoda, akaketi chini ya sakafu, akawaambia vibarua: "Pakieni viroba vya mchanga huko juu."

Nikinyamaza, sakafu itamwangukia. Nikisema, kazi sina, na Mama anaaibika mbele ya Mkaguzi. Lakini mficha uchi hazai.

"Mama, toka! Nimechonga kidole kimoja!"

Alitoka bila kuniangalia. "Endeleeni kupakia." Haikuchukua muda, zege likateleza juu ya mbao na ufa ukapita katikati. Mkaguzi akafunga daftari.

"Usifunge, mzee," Mama akasema. "Andika: kidato kifupi hakishiki. Fundi huyuhuyu atachonga tena."

Nilitamani ardhi inimeze. Sijapata kumheshimu bosi kama nilivyomheshimu yeye siku ile.

Nilichonga upya, kila kidato nikikipima kwa vidole. Siku ya majaribio Mama alinyoosha mkono kuchukua kigoda, nikamtangulia. "Leo nakaa mimi." Viroba vikajaa juu ya kichwa changu, na sakafu haikutoa hata mlio. Mkaguzi akasaini.

Tulijenga nyingine nyingi. Nilipostaafu, Mama aliniletea kile kigoda. Mguu mmoja wa kigoda hicho unacheza, aibu kwa seremala, lakini sijaugusa. Na kila nikikikalia, lazima kwanza nitazame juu.